Mkono Unaotoa Nishani

Binti yangu anasomea sheria. Likizo iliyopita alirudi nyumbani Mombasa na kazi ya kuandika kuhusu hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya tarehe 15 Desemba 1995, katika kesi ya Balaji Raghavan dhidi ya serikali ya nchi hiyo. Kaka yangu, ambaye alifanya kazi ya itifaki serikalini miaka mingi na sasa amestaafu, alikuja kutujulia hali siku ya pili yake. Akaona karatasi zimetandazwa mezani, akaokota moja, akavaa miwani. Tangu magharibi hadi kahawa ikapoa kwenye birika, hapakuwa na mazungumzo mengine ila nishani za taifa, na kama wanasiasa na mabalozi wanastahili kuvishwa.

Nimeuandika ubishi huo kadiri ninavyoukumbuka. Sikukaa kimya muda wote, na pale nilipokuwa na neno nimelitia.

MJOMBA: Niambie kwanza, mwanangu. Hao waliokwenda mahakamani walilalamikia nini?

BINTI: Walishika Katiba, Mjomba. Kifungu cha 18 kinaikataza dola kumpa mtu cheo cha heshima, isipokuwa cha kijeshi au cha kitaaluma. Zama za Waingereza watu walipewa u-Sir, u-Rai Bahadur, u-Khan Bahadur, na wengi walilipwa hivyo kwa utiifu wao kwa mkoloni. India huru haikutaka kuurithi mchezo huo. Lakini tarehe 2 Januari 1954, Katiba ikiwa na umri wa miaka minne tu, serikali ikaanzisha Bharat Ratna, yaani Johari ya India, na chini yake nishani za Padma, jina la ua la yungiyungi. Walalamikaji wakasema mambo ni yaleyale, nguo tu ndizo zilizobadilishwa.

MJOMBA: Na majaji wakasemaje?

BINTI: Walizihalalisha. Kwao nishani ni utambuzi wa kazi, wala haimfanyi mtu kuwa bwana juu ya wenzake. Ila walitia sharti: aliyetunukiwa asiitumie kama sehemu ya jina lake, mbele wala nyuma. Akifanya hivyo anastahili kuipoteza.

MJOMBA: Sharti zuri hilo. Sisi huku tunaziandika baada ya majina, EGH, EBS, CBS, MBS, hata kwenye kadi za harusi. Mimi nilikuwa nikiandika HSC kwenye barua zangu. Nikaacha.

Hakusema kwa nini aliacha, na binti yangu hakumuuliza wakati huo.

BINTI: Majaji walitaka pia pawe na kamati ya ngazi ya juu ya kuchuja majina, na nishani zisiwe nyingi hadi zikose maana. Na hapo ndipo ninapoanzia mimi. Bharat Ratna, iliyo juu ya zote, Waziri Mkuu ndiye anayempendekezea Rais, na Rais ndiye anayetoa. Ni medali yenye umbo la jani la mpipali, imechongwa jua katikati. Haina hata senti moja ya fedha. Thamani yake yote iko katika imani ya watu kwamba aliyeitoa hakuwa na haja yake mwenyewe. Sasa mtoaji akiwa mwanasiasa na mpokeaji mwanasiasa, imani hiyo itatoka wapi?

MJOMBA: Chanda chema huvikwa pete. Mbona mwanafizikia akivishwa hakuna anayeguna? Mwaka ule wa kwanza walivishwa watatu: C. V. Raman, aliyekwisha kupata Nobel tangu 1930; Rajagopalachari, aliyekuwa Gavana Mkuu wa mwisho wa India; na Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuwa balozi Moscow na wakati huo alikuwa Makamu wa Rais. Mwanasayansi mmoja, wanasiasa wawili. Waliianzisha hivyo kwa sababu walijua kujenga nchi ni kazi. Chukua Vallabhbhai Patel. Waingereza walipoondoka mwaka 1947 waliacha vijifalme zaidi ya 500 ndani ya ramani ya India, kila kimoja na mtawala wake. Patel na katibu wake V. P. Menon walikaa na hao watawala, mmoja baada ya mwingine, kwa kubembeleza na kwa kutisha, mpaka nchi ikawa moja. Hiyo si kazi ya kuvikwa pete?

BINTI: Ni kazi hiyo hasa. Lakini Patel alifariki mwaka 1950 na nishani yake ilitolewa 1991. Ambedkar, aliyesimamia uandishi wa Katiba yenyewe, alifariki 1956 akatunukiwa 1990. Na kabla yao wote wawili alitunukiwa M. G. Ramachandran, mwigizaji wa filamu aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu. Alifariki Desemba 1987, nishani ikaja 1988, na Januari 1989 Tamil Nadu ikapiga kura. Simdharau, Mjomba. Alipendwa na maskini, na mpango wake wa kuwalisha watoto chakula cha mchana shuleni ulikuwa mkubwa. Lakini baba wa Katiba kungoja miaka 34, na yeye kungoja miezi, ni jambo linalohitaji maelezo.

MJOMBA: Mwenye kuchelewa si lazima awe amedharauliwa.

BINTI: Sikatai. Nasema kalenda ya nishani inafuata kalenda ya kura. Tena kuna jambo zito zaidi ya hilo. Nehru alitunukiwa Julai 1955 akiwa ndiye Waziri Mkuu. Indira Gandhi alitunukiwa 1971 akiwa ndiye Waziri Mkuu.

MJOMBA: Ngoja hapo. Usiyaseme nusunusu. Nehru alikuwa ametoka ziara ya Ulaya na Urusi, na Rais Rajendra Prasad ndiye aliyetangaza jambo hilo kwenye dhifa ya taifa. Alisema mbele ya wageni kwamba hakupata pendekezo la Waziri Mkuu, kwamba ameamua mwenyewe, na kwamba mtu angeweza kusema amevunja Katiba. Na Indira vilevile: India ilikuwa imeshinda vita vilivyoizaa Bangladesh, na Rais V. V. Giri akalibeba jukumu lile mwenyewe. Hakuna aliyejivisha.

BINTI: Prasad alimtunuku Nehru 1955. Mwaka 1962 Prasad alipomaliza urais alitunukiwa yeye, Nehru akiwa Waziri Mkuu. Giri alimtunuku Indira 1971. Mwaka 1975, baada ya Giri kutoka Ikulu, alitunukiwa yeye, Indira akiwa Waziri Mkuu.

MJOMBA: Una ushahidi kwamba walipatana?

BINTI: Sina. Wala sisemi walipatana.

MJOMBA: Sasa shtaka liko wapi?

BINTI: Kwamba hakuna anayeweza kujua, Mjomba. Labda Prasad alimpenda Nehru kwa dhati, na labda Nehru alimheshimu Prasad kwa dhati. Wote wawili walikaa jela za Waingereza, na heshima waliistahili. Lakini nishani ni ushahidi wa taifa, na ushahidi ambao msikilizaji hawezi kuuamini hauna kazi, hata ukiwa wa kweli. Pete huvikwa chanda na mkono mwingine.

MJOMBA: Na huo mkono mwingine ni wa mwili huohuo, mwanangu. Serikali ni mwili mmoja. Utatafuta wapi mkono usio wa mwili?

Niliwaacha hapo kidogo nikaenda kuongeza makaa. Maneno ya kaka yangu yalinikaa. Ni kweli kwamba taifa haliwezi kumwazima jirani mkono wa kuwavisha watu wake. Lakini nilikumbuka habari ya Maulana Azad, waziri wa elimu wa kwanza wa India huru. Inasimuliwa kwamba Azad alipotajiwa Bharat Ratna aliikataa, kwa hoja kwamba wale wanaoshiriki kuchagua majina hawapaswi kuipokea. Alifariki 1958, na mwaka 1992 akatunukiwa akiwa kaburini. Niliporudi niliwaambia: huyo alikuwa wa mwili huohuo, ila alijua mkono wake uko upande gani.

MJOMBA: Azad alikuwa mtu wa namna ya peke yake. Huwezi kutunga kanuni kwa kumtazama walii. Na tazama ukali unapozidi. Mwaka 1977 chama cha Janata kilipomwangusha Indira baada ya utawala wake wa hali ya hatari, Waziri Mkuu Morarji Desai alizisimamisha nishani zote, Bharat Ratna na Padma. Alikuwa na hoja kama zako. Zikafa miaka miwili na nusu. Indira aliporudi madarakani akazirudisha, Januari 1980, na wa kwanza kuvishwa akawa Mama Teresa. Desai angeshinda moja kwa moja, mama yule aliyewaokota wanaokufa barabarani Calcutta asingepewa shukrani kubwa kuliko zote ya nchi aliyoichagua.

BINTI: Na Desai mwenyewe alipokea Bharat Ratna mwaka 1991.

MJOMBA: Umeona? Aliyezifuta alizipokea. Mtu akiishi sana hujifunza.

BINTI: Au husahau alichosimamia.

MJOMBA: Usimseme hivyo mzee wa miaka 95.

Akanyamaza binti, akaomba radhi. Hapa nilisema neno langu refu kuliko yote ya usiku ule, na bado nalishikilia. Sioni kwamba Desai alijipinga. Mwaka 1991 alikuwa ametoka madarakani miaka kumi na miwili. Hakuwa na chama cha kukiombea kura, hakuwa na wizara ya kugawa, na serikali iliyomtunuku haikuhitaji chochote kutoka kwake. Mwaka uliotangulia Pakistan ilikuwa imemtunuku Nishan-e-Pakistan, iliyo juu ya nyingine zote kule, na Pakistan haina desturi ya kuwavisha mawaziri wakuu wa India. Ikiwa hasimu wako na nchi yako wote wanakuita siku ambazo huwezi kuwalipa, basi heshima imekuja kwa wakati wake. Desai wa 1977 alikataa watawala kuvishana. Desai wa 1991 hakuwa mtawala.

BINTI: Kwa hiyo unasema tatizo ni wakati, Mama, si siasa?

Nikamwambia ni wakati, na ni nani anayefaidika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema aliyekwisha kushuka mnazini na kuacha kazi, huyo msifuni mpaka usiku wa manane.

MJOMBA: Hapo dada umenipa nusu ya haki yangu. Sasa nipeni nusu ya pili. Mmewasema wanasiasa, mabalozi hamjawagusa. Mwanasiasa ana umati, ana barabara yenye jina lake. Balozi ana nini? Kazi yake akiifanya vizuri haionekani, maana vita havikutokea. Ninyi mnamjua Apa Pant?

Binti yangu hakumjua. Na mimi, niliyezaliwa na kukulia nchi hii, nilikuwa nimesikia jina tu. Kaka yangu akavua miwani, akaeleza kwa kirefu.

MJOMBA: Alikuwa mwana wa raja wa Aundh, kijifalme kidogo upande wa Maharashtra. Baba yake alikubali kuwaachia raia madaraka kabla ya mkoloni kulazimika kufanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Aundh ilipata katiba ya kujitawala kijiji kwa kijiji, kwa ushauri wa Gandhi mwenyewe. Kijana huyo, aliyeona baba yake akikiweka chini kiti cha enzi, ndiye ambaye Nehru alimtuma Nairobi mwaka 1948 kuwa Kamishna wa kwanza wa India katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Waingereza walitarajia mtu wa kushughulikia pasi za kusafiria na malalamiko ya wenye maduka. Pant akawaambia Wahindi wa huku kwamba hatima yao iko kwa Waafrika, wala wasitafute kiti cha pili nyuma ya Mzungu. Akajenga urafiki na viongozi wa Kiafrika. Akasaidia vijana wetu kupata ufadhili wa kwenda kusoma vyuo vya India, wakati ambapo Mwafrika kupata chuo kikuu ilikuwa kama kupanda mlima bila njia.

BINTI: Waingereza wakanyamaza?

MJOMBA: Walilalamika Delhi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na Kenyatta na wenzake wakapelekwa Kapenguria, katika safu ya mawakili wa utetezi, pamoja na D. N. Pritt, alikuwepo Diwan Chaman Lall kutoka India, ambaye Nehru alimtuma. Mahakama ile iliwekwa mbali kusudi watu wasifike. Mtu kutoka Punjab akafika. Pant aliondoka Nairobi 1954, na mwaka huohuo jina lake likawa katika orodha ya kwanza kabisa ya nishani za Padma, daraja la Padma Shri, lililo chini ya mengine yote. Sasa niambie, mwanasheria wangu, huyu naye alikuwa mtumishi wa serikali kazini, ametunukiwa na serikali aliyoitumikia, tena na mkubwa wake. Kwa kanuni yako asingevishwa. Mimi nasema Padma Shri ilikuwa ndogo mno kwake!

Alipaza sauti, jambo ambalo kaka yangu halifanyi mara nyingi. Nadhani hapa ndipo ubishi ulipokuwa na uzito kuliko mahali pengine popote. Apa Pant hakuwa na kura za kuvuna. Waliosaidiwa naye hawakuwa raia wa India. Nishani yake haikununua kitu chochote Delhi, na huku Nairobi iliwaudhi waliokuwa na bunduki na jela. Binti yangu aliandika jina lake kwenye daftari, akakaa kidogo kabla ya kujibu.

BINTI: Nakubali kwa Pant, Mjomba, na nitamtafuta nimsome. Lakini nikuletee balozi mwingine: P. N. Haksar. Alikuwa mwanadiplomasia, akawa katibu mkuu wa ofisi ya Indira Gandhi. Alikuwa na mkono mkubwa katika mkataba wa India na Muungano wa Kisovieti wa Agosti 1971, na katika mapatano ya Simla na Pakistan ya Julai 1972, baada ya vita. Mwaka 1973 walitaka kumpa Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa nchini. Akaandika kukataa. Kupokea tuzo kwa kazi aliyoifanya kulimletea fadhaa ambayo hakuweza kuieleza vizuri. Kwa nini hakuweza kuieleza? Nadhani ni kwa sababu hii: mshauri akikubali zawadi kutoka kwa anayemshauri, kesho yake akisema ndiyo, nani atajua ndiyo hiyo imetoka wapi?

MJOMBA: Balozi hasemi ndiyo wala hapana. Anapeleka barua.

BINTI: Balozi mzuri husema hapana, Mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Kaka yangu alitabasamu, akamimina kahawa iliyobaki. Wakapita haraka kwa wengine waliokataa: E. M. S. Namboodiripad wa Kerala, mkomunisti, aliyeikataa Padma Vibhushan mwaka 1992, na Buddhadeb Bhattacharjee wa West Bengal, aliyeikataa Padma Bhushan mwaka 2022. Wakagusa pia kisa cha Subhas Chandra Bose. Mwaka 1992 serikali ilitangaza kumpa Bharat Ratna ya marehemu, na ikapingwa na wale wasioamini kwamba Bose alikufa katika ajali ya ndege ya 1945. Familia haikuitaka, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikalifunga jambo hilo kwa kulihesabu tangazo lile kuwa limefutwa. Baadaye kaka yangu akaja na hoja ambayo sikuitarajia.

MJOMBA: Kuna jingine mnalolisahau. Nishani yenyewe ni ubalozi. Mwaka 1987 India ilimpa Bharat Ratna Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni, raia wa Pakistan, aliyefuata njia ya Gandhi ya kutopigana. Ujumbe ulivuka mpaka bila askari. Mwaka 1990 wakampa Mandela. Alikuwa ametoka gerezani Februari, Oktoba akawa New Delhi. Hakuwa rais wa mahali popote. Makaburu ndio waliokuwa bado na serikali, na hakuna aliyejua kama angekuja kutawala au angeuawa. Tena walianza zamani: mwaka 1979 walimpa Tuzo ya Nehru akiwa bado mfungwa, na Oliver Tambo ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake. Mwalimu Nyerere aliipata hiyohiyo ya mwaka 1973. Serikali ikimvisha mfungwa, inawaambia walinzi wake kitu.

BINTI: Huo ndio mfano wangu mimi! India ilimpa Mandela siku ambazo hakuwa na kitu cha kuwarudishia. Mkono ulinyooka kwa mtu asiye na kiti.

MJOMBA: Basi tunakubaliana?

BINTI: Hatujafika 2024.

Kila aliyefuatilia siasa za India mwaka ule anajua alichokusudia. Kabla ya uchaguzi mkuu ulioanza Aprili, Bharat Ratna tano zilitangazwa ndani ya siku zisizofika ishirini, ingawa kawaida hazizidi tatu kwa mwaka. Tarehe 23 Januari ilikuwa ya Karpoori Thakur, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Bihar. Tarehe 28 Januari, Nitish Kumar, Waziri Kiongozi wa Bihar wa wakati huo na mwanasiasa wa mkondo wa Thakur, alihama upinzani akajiunga na muungano wa Waziri Mkuu Narendra Modi. Tarehe 9 Februari ikatangazwa ya Chaudhary Charan Singh, Waziri Mkuu wa zamani aliyependwa na wakulima wa kaskazini; mjukuu wake, anayeongoza chama cha RLD, naye akavuka upande uleule. Kati yao ikapita ya L. K. Advani, mmoja wa waasisi wa chama tawala chenyewe, aliyekuwa na miaka 96. Wengine wawili walikuwa P. V. Narasimha Rao, Waziri Mkuu wa chama cha Congress, na M. S. Swaminathan, mtaalamu wa kilimo.

BINTI: Mjomba, hapa hata wewe huna la kutetea.

MJOMBA: Ninalo. Karpoori Thakur alikuwa mtoto wa kinyozi. Mwaka 1978 aliwatengea watu wa tabaka za nyuma nafasi katika kazi za serikali ya Bihar, akatukanwa hadharani kwa asili yake, serikali yake ikaanguka. Alifariki 1988 akiacha nyumba isiyo na thamani yoyote. Miaka 36 watu wake walingoja. Wakati wa utulivu, wakati usio wa kura, hakuna aliyemkumbuka. Kura ndiyo iliyomkumbusha. Unajua maskini ana nini kingine cha kumlazimisha mkubwa amheshimu babu yake? Ana kura tu. Ukiitenga nishani na kura kabisa, itabaki ya wanaojulikana kwenye kumbi za Delhi. Na Rao, je? Chama chake mwenyewe kilimsahau. Wapinzani wake ndio waliomvisha.

Binti yangu hakujibu. Alifunga daftari. Ningependa kusema alikuwa na jibu akalihifadhi kwa adabu, lakini sivyo. Alikuwa anafikiri, na mimi pia. Hoja ile ni nzito, na mtu anayeandika kuhusu nishani bila kuikabili anawaandikia wenye nafasi peke yao. Ningeweza kumjibu kaka yangu hivi: haki ya Thakur haikubadilika kati ya 1988 na 2024, kwa hiyo aliyeitumia kama chambo amemdhulumu mara mbili, kwa kumchelewesha na kwa kumtumia. Lakini najua mzee wa kijiji cha Bihar aliyesikia jina lile redioni alilia kwa furaha, na furaha yake haikuwa ya uongo.

Akavunja kimya binti.

BINTI: Mjomba, kwa nini uliacha kuandika HSC?

Kaka yangu alijibu polepole. Aliyependekeza jina lake alikuwa mkuu wake wa kazi. Walikuwa wameandaa ziara ya mgeni mkubwa wa nchi, usiku na mchana, bendera, magari, viti, majina. Mwisho wa mwaka orodha ikatoka na yeye yumo. Dereva aliyeendesha magari ya mizigo siku tatu mfululizo bila kulala hakuwemo, wala mama aliyekesha akishona upya bendera iliyochanika. Alifurahi siku ile, akaja nyumbani kutuonyesha. Nakumbuka tulivyopiga vigelegele.

MJOMBA: Lakini baadaye nikawa najiuliza. Niliipata kwa ile kazi, au kwa sababu sikuwahi kumwambia mkuu wangu hapana? Sijui mpaka leo. Yeye amekwisha kufariki, siwezi kumuuliza. Iko kabatini.

BINTI: Uliistahili, Mjomba.

MJOMBA: Huenda. Ulisema mwenyewe jioni hii: hakuna anayeweza kujua. Nilikubishia kwa sababu hukujua ulikuwa unasema habari zangu.

Baada ya hapo hawakubishana tena. Binti alimsindikiza mjomba wake hadi barabarani, nami nikabaki nikikusanya vikombe. Hukumu yangu naitoa hapa, nikijua mmoja ni mwanangu na mwingine ndugu yangu wa tumbo moja.

Wanasiasa wapewe nishani. Mabalozi wapewe zaidi yao, kwa sababu kazi yao hufanyika vyumbani na hakuna umati wa kuwashangilia. Lakini asivishwe mtu yeyote aliye na kiti, wala anayegombea kiti, wala mshauri wa mwenye kiti. Ipite miaka kumi baada ya kuondoka. Mtumishi aliye kituo cha mbali, kama Pant alivyokuwa Nairobi, anaweza kuvishwa mapema ikiwa upande wa upinzani nao umetia saini. Na mwaka wa uchaguzi pasitangazwe hata jina moja. Wa kijijini akumbukwe mwaka uliotangulia.

Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 132, inasema Rais hutoa heshima kwa jina la watu na la Jamhuri. Sheria ya nishani ya mwaka 2013 imeweka kamati ya kumshauri. Kwa hiyo mkono ule ni wetu, msomaji. Orodha ya Desemba ijayo itakapotoka, isome jina kwa jina, na mbele ya kila moja uliza mtu huyu bado anaweza kumlipa nini aliyemvisha. Ukiona jina la mwenye kiti, mwandikie mbunge wako, mwandikie mhariri, sema hapana. Ukiona hakuna jina la dereva wala la mshona bendera, sema hilo pia.